Ubao wa Mguu wa Hawo

Kwa miaka thelathini na moja watu wa mtaa wa Bulla Pesa walimpelekea Guracha kila kitu kilicholegea: mlango, kitanda, mguu wa meza, bawaba ya dirisha. Fundi wa mbao na chuma, mrefu, mpole, mwenye kikohozi kidogo cha vumbi la mbao. Akimaliza kazi hasemi nimemaliza. Husema, "Jaribu."

Lakini mwaka huu kulikuwa na kazi moja iliyomshinda kukabidhi, na mwenye kazi hiyo alikuwa akimngoja ndani ya nyumba yake mwenyewe, kitandani, mguu wa kushoto umefungwa bendeji.

Huyo ni Hawo, mke wake. Hawo ana ugonjwa wa sukari, na sukari ilikuwa imekwisha kula usikivu wa nyayo zake. Ukimgusa chini ya mguu hajui kama ni mkono au ni kaa la moto. Miezi michache nyuma akala zake, vile viatu vya tairi, vilikatika ukanda. Guracha akapigilia msumari mmoja mfupi, akaukunja, akasema jaribu. Hawo akajaribu, hakusikia kitu, akaenda kwenye kituo chake cha kuuza maziwa ya ngamia, akasimama hapo tangu asubuhi mpaka alasiri. Msumari ulikuwa umeinua ncha. Aliyeona damu mchangani ni jirani yake wa maziwa, Ubah. Hospitalini vilikatwa vidole viwili.

Hawo hakumlaumu hata siku moja. Hilo ndilo lililomtafuna Guracha, maana mtu akikutukana angalau unapata la kujibu.

Siku ya kuruhusiwa, nesi alimvuta kando mlangoni. "Mzee, nisikize vizuri. Kidonda kingine kwa huo mguu, hatutaongea habari ya kidole tena. Tutaongea habari ya mguu."

Jamaa wakachanga, wakampatia Hawo kiti cha magurudumu, kwa sababu alikatazwa kukanyaga chini mpaka apone kabisa. Kiti hakikumaliza wiki mbili. Mawe ya Bulla Pesa yalivunja ile plastiki ya kuwekea miguu, na Hawo akarudi kitandani.

"Baba Saadia," alimwambia mumewe, "mimi nimechoka kuhesabu mabati. Nimeyahesabu mpaka nayajua kwa majina. Nitengenezee mahali pa kuweka mguu, nirudi kwa maziwa yangu."

"Nitatengeneza."

"Lini?"

"Nitatengeneza," akasema tena, akatoka.

Alijua atakachofanya. Ubao wa saiprasi, laini, uliopigwa msasa. Kila upande ukanda wa chuma wa kushika ubao kwenye kiti. Skrubu nne kwenye mbao, nne kwenye chuma. Skrubu nane, na juu ya hizo nane ukae mguu usiosikia kitu.

Ufundi wa skrubu alifundishwa na marehemu Mungania, seremala Mmeru aliyempokea mjini alipofika kutoka Kulamawe akiwa kijana. Ukame ulikuwa umemaliza ng'ombe wa baba yake, na mkononi alikuwa na fimbo tu, bila cha kuchunga. Mungania alikuwa mtu wa maneno machache. "Msumari unalazimisha," alikuwa akisema, "skrubu inaomba njia." Kwanza toboa tundu jembamba. Halafu chukua biti ya kuzamishia, ile fupi ya drili yenye kichwa kama pia ya watoto, uupanue mdomo wa tundu, ili kichwa cha skrubu kilale ndani kama mtoto chini ya blanketi. Upitishe mkono juu na usijue kuna mtu.

Biti yake ya zamani ilikuwa imekufa makali. Akaenda dukani kwa Kaberia, muuza vyuma na misumari, mcheshi asiyejua kunyamaza.

"Habari, mzee wa ngamia. Leo unajenga msikiti ama unaziba zizi?"

"Nataka biti ya kuzamishia. Ya mbao na ya chuma."

"Chukua hii mpya. Hii ni ya kila kitu. Mbao, chuma, hata roho ya mtu mgumu."

Siku nyingine Guracha angeicheka hiyo biti na kuirudisha. Ilikuwa na makali machache, mapana, yaliyoachana. Makali ya namna hiyo ni ya mbao. Hukata haraka na kutupa maganda. Lakini alikuwa amekaa na woga muda mrefu, na woga una haraka zake. Akailipia, akaenda.

Kwenye mbao biti ilifanya kazi safi. Akaibonyeza polepole, maana saiprasi haibishani; ukijisahau kidogo inazama mpaka upande wa pili. Vitundu vinne vikatoka laini kama vijiko. Kisha akaigusisha kwenye chuma, nayo ikaanza kurukaruka na kulia kama mbuzi aliyekamatwa sikio. Alipozima drili, tundu halikuwa duara. Lilikuwa na pembe, kama chapati iliyotengenezwa na mwanamume.

Akapaka kichwa cha skrubu masizi ya sufuria, akaikaza kidogo, akaitoa, akachungulia. Kichwa kikipatana na tundu, masizi hubaki ukutani mwa tundu pande zote, toka juu mpaka chini. Hapa yaliacha mstari mwembamba kwenye mdomo peke yake. Mteremko wa biti na mteremko wa skrubu haikuwa ya mama mmoja. Kichwa kilikuwa kimesimama mlangoni, hakijaingia, na ukingo wake ungekata.

Guracha akaketi juu ya gogo. Akaona ule msumari wa akala. Ni mkono uleule, na haraka ileile.

Akarudi kwa Kaberia na ule ukanda ulioharibika.

"Nilisema ni ya kila kitu," Kaberia akajitetea. "Sikusema itakipenda kila kitu."

"Kaberia, hii ni ya mguu wa Hawo."

Kaberia akauangalia ule ukanda, akaacha kucheka. "Si ufunge na bolti kutoka chini?"

"Nati zitaning'inia, zigonge mawe. Itavunjika kama ile ya kwanza."

"Basi funika juu na ngozi ya mbuzi."

"Ngozi inaficha kosa. Haitoi."

Kaberia akainama chini ya meza, akatoa mkebe wa biti kuukuu alizonunua gereji moja ilipofungwa, akazimwaga juu ya gazeti. Wakachagua pamoja, wazee wawili, kama wanaochambua maharagwe. Wakatenga zenye makali mengi yaliyosogeleana, kwa sababu chuma kinataka kukwanguliwa kidogokidogo na wengi. Halafu Guracha akawa anashika kichwa cha skrubu ubavuni mwa biti na kuinua kwenye mwanga wa mlango. Mwanga ukipita katikati, anaiweka kando.

"Si ndugu," anasema.

"Hii?"

"Huyu ni binamu."

Ya sita, mwanga haukupita. Kaberia akakataa pesa. "Hiyo ilikuwa inakaa bure tu. Mwambie mama Saadia maziwa ya siku hizi ni maji matupu tangu aondoke."

Guracha akakata ukanda mwingine, mnene, maana chuma chembamba hakina mahali pa kuficha kichwa. Akaweka mwendo wa drili chini kabisa, akadondosha tone la oili, akabonyeza kwa uzito wa bega badala ya nguvu. Chuma kikatoa nyuzi ndogondogo, kimya. Akapaka masizi; yakabaki ukutani mote. Skrubu nane zikalala.

Ubao ukawa tayari Jumatatu. Jumatano ulikuwa bado uko karakana. Guracha alikuwa akiupapasa asubuhi, akiupapasa mchana, akipiga msasa palipokwisha pigwa. Shida aliijua, ila hakumwambia mtu. Viganja vyake, baada ya miaka yote ya randa na nyundo, vilikuwa vigumu kama kwato. Alipitisha mkono juu ya skrubu asisikie kitu, lakini alijuaje kama hakuna kitu, au ni mkono tu usiosikia?

Alhamisi Hawo akaita kwa sauti ambayo majirani pia waliisikia. "Guracha! Lete hiyo mbao ama nitatambaa niifuate."

Akaileta. Akasimama nayo mlangoni kama mtu aliyeleta habari ya msiba.

"Mbona hufungi?"

"Mkono wangu hausikii, Hawo," akasema. "Wako mguu, wangu mkono. Nitajuaje?"

Hawo akavua mtandio wake, ule mwepesi wa Idi ambao mwiba ukiuona tu unachanika, akamrushia. "Pitisha huo."

"Utaharibika."

"Uharibike. Mtandio unauzwa sokoni."

Guracha akauweka ubao kitandani kati yao, akauvuta mtandio juu yake taratibu. Kwenye skrubu ya kwanza ukapita kama maji. Ya pili, ya tatu. Kwenye ya saba uzi mmoja ukanasa. Akasimamisha mkono. Hawo akaleta uso karibu, hakuna kilichoonekana. Akaweka ncha ya kidole chake, kidole cha mtu anayepima maziwa, si cha fundi.

"Kako hapa," akasema. "Kadogo kama unywele."

Kilikuwa kinyuzi cha chuma kilichobaki ukingoni. Guracha akatoa skrubu, akashika biti kwa vidole bila drili, akaizungusha mara mbili ndani ya tundu, akarudisha skrubu. Wakavuta mtandio tena, safari hii Hawo akishika pembe moja na yeye pembe nyingine, mara tatu, huku na huku. Haukunasa. Akafunga ubao kwenye kiti, akambeba mkewe, akamketisha. Hakusema jaribu.

Ijumaa asubuhi Hawo alirudi kwa wauza maziwa. Wakampokea kwa vigelegele na kwa ugomvi, maana mahali pake palikuwa pamekaliwa. Kabla ya adhuhuri Guracha akatokea, amevaa kanzu ya msikitini. Akapita katikati ya mitungi na wanawake, akafika kwenye kiti cha mkewe, akapiga magoti mchangani.

Wanawake wakaacha kupima maziwa. Mzee wa Kiborana hapigi magoti mbele ya mke wake, tena sokoni.

"Salaam aleikum," akawaambia bila kuinua kichwa, akaanza kufungua bendeji.

"Aleikum salaam," Ubah akaitikia. "Wallahi, sasa tutawaambia nini waume zetu?"

"Waambie walete biti," Hawo akasema, na mkono wake ukakaa juu ya kofia ya mumewe.

Guracha akainua mguu, akaugeuza kwenye jua. Akatazama kisigino, akatazama ukingo, akatazama katikati ya vidole vitatu, kimoja kimoja. Ngozi ilikuwa kavu, nzima. Akaangalia tena toka mwanzo.

"Basi?" Hawo akauliza.

"Hakuna kitu."

"Mbona unalia?"

"Vumbi la mbao," akasema Guracha, na pale sokoni hapakuwa na mbao yoyote ila ile moja. Akaufunga mguu, akaurudisha juu ya ubao kwa mikono miwili.

"Haya, toka njiani," Hawo akamwambia. "Unanizibia wateja."