Kengele Moja kwa Mafaili Yote

Mdogo wangu wa mwisho ananiita yaya tangu alipojua kusema, kama tunavyowaita ndugu zetu wakubwa hapa mtaani Bwiza. Jumapili moja nilimsikia akimwita hivyo mtu mwingine.

Alikuwa mwenzake wa kazini, dada mwenye miwani anayekaa mtaa wa Rohero. Walikuwa sebuleni kwetu, kompyuta moja mezani, mabega yanagusana. Mimi nilikuwa uani nikichambua ndagala, samaki wadogo wa kuuza kesho yake, mlango ukiwa wazi. "Yaya, ona hapa," alisema mdogo wangu, na mikono yangu ikasimama ndani ya beseni.

Shida yao niliijua. Mdogo wangu alikuwa bado anajaribiwa kazini, na Jumatatu angemwonyesha shefu, mkubwa wao wa kazi, programu yake, ile ya kupeleka mafaili mengi kwa pamoja kupitia mtandao. Ikishindwa, hawatamchukua. Mafaili yakiwa machache yalikwenda vizuri. Yakiwa mengi, mashine ilihema, ikapata moto, kila kitu kikakwama.

Alinieleza mimi kwanza, Ijumaa, nikimsuka nywele. Alisema mafaili hupelekwa na maktaba, si ya vitabu, bali kazi iliyokwisha kuandikwa na wengine, wewe unaitumia tu. Maktaba hiyo haina kengele yake ya kuiamsha. Unaiachia fonksio yako, kipande cha programu yako, kama unavyomwachia mtu namba ya simu, nayo inakuita: niamshe baada ya muda huu, nitazame ni faili gani limechelewa mno nilikatize. Nilielewa, lakini sikuwa na la kumsaidia. Niliacha shule mama alipomfuata baba kaburini, na hesabu zangu ziliishia kwenye vipimo vya samaki. Nikamwambia, "Utaweza tu." Akaitika, kisha akamtafuta huyu wa miwani.

Niliwapelekea chai. Kikombe cha mgeni nilikitia sukari kidogo tu.

"We, umeweka kengele ngapi humu?" mgeni alikuwa anauliza.

"Kila faili na kengele yake."

"Apana, mdogo wangu."

Mdogo wangu! Nilishika sinia kwa nguvu.

"Faili gani lina saa gani, maktaba inajua yenyewe," aliendelea. "We inakutajia muda mmoja tu, ule wa karibu. Ikitaja mwingine, kengele ya kwanza unafuta, unaweka mpya. Ikikutajia hasi moja, unafuta kabisa, haitaki kuamshwa. We umeacha zote zinalia! Unaiamsha bure kila mara, itatumika kazi saa ngapi?" Akanywa chai, akakunja uso kidogo. "Nani alikufundisha kila mutu na kengele yake?"

Mdogo wangu aligeuka akaninyooshea kidole, anacheka mpaka machozi. "Huyu hapa! Tulikuwa watoto wane, yaya anatuamsha mumoja mumoja. Wa kuchota maji na saa yake, wa shule na saa yake, mugonjwa na saa ya dawa. Mi nilifikiri dunia yote iko hivyo."

"Kumbe ni we, yaya, umetuharibia programu!" mgeni akaniambia, naye akicheka.

Nilicheka pamoja nao. Mwenye miwani ndiye aliyeiona kasoro, lakini kasoro yenyewe ilikuwa yangu, ilitoka nyumbani kwangu, na sikutaka kumgawia hata kidogo. Walifuta zile kengele, wakabakiza moja. Mashine ikatulia. Mafaili yakapita yote. Nikarudi kwa ndagala wangu bila kumwongezea mgeni sukari.

Jumatatu walimchukua. Yule wa miwani alijua kabla yangu, kwa kuwa alikuwa palepale ofisini, na hilo bado linanichoma.

Jioni hiyo mdogo wangu alisema, "Yaya, sasa lala tu. Nitaamka na kengele ya simu."

"Weka simu," nilimjibu.

Asubuhi, kabla simu haijalia, niligonga mlango wake.

"Niko macho, yaya!"

Nikagonga tena.