Glavu Alizochukua Mtani Wangu

Miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa na mitumba ikaanza kumwagwa sokoni Songea, timu ya chuo chetu cha ualimu ilipata kitu ambacho waliotutangulia hawakuwa nacho: daluga. Zilikuwa za kila rangi, na beki wetu wa kulia alivaa nyekundu mguu mmoja, nyeusi mguu wa pili. Mimi nilikuwa golikipa, nikaambulia glavu za kijani zilizonipwaya kidogo. Nilizipenda kuliko nguo yoyote niliyokuwa nayo.

Msimu ule tulicheza vizuri kuliko tulivyojidhania. Tuliwafunga mafundi wa Lizaboni, tukawafunga madereva, ikabaki mechi moja tu, dhidi ya vijana wa Mjimwema. Tulihitaji sare tuchukue kombe. Basi hapo ndipo mazoezi ya kufundisha yalipotuangukia. Tukatawanywa shule za vijijini, mimi nikapangiwa Mpitimbi pamoja na mwanachuo mwenzangu ambaye hakupenda mpira hata kidogo.

Mkufunzi wa kunikagua alikuwa Mhehe, mimi Mngoni. Kwa hiyo tulikuwa watani, na tangu mwaka wa kwanza hakuwahi kuniita kwa jina. Aliniita mla panya mbele ya darasa zima, nami, kwa kuwa Wahehe husemwa kula mbwa, nilimuuliza kama mbwa wa pale chuoni bado wako salama. Alipofiwa na mama yake mdogo, Wangoni wote wa chuoni tulimfichia viatu mpaka akacheka msibani. Utani ndivyo ulivyo: mtani huchukua chako, nawe huna ruhusa ya kununa.

Wiki ya mechi alipita Mpitimbi. Akiwa anapanda pikipiki yake alisema, "Mngoni, Ijumaa asubuhi nakuja kukukagua. Nisipokukuta, cheti utakisikia kwa wenzako." Kisha akacheka.

Kicheko kile kilinitesa. Mkufunzi akikwambia hivyo, unabaki shuleni. Mtani akikwambia hivyo, unamrudishia tusi lake. Yeye alikuwa vyote viwili, na mechi ilikuwa Ijumaa hiyohiyo. Baba yangu alishawatangazia watu wa kijijini kwetu kwamba mwakani nyumba yake itakuwa na mwalimu. Nikaamua kwamba ulikuwa utani. Niseme ukweli, niliamua hivyo kwa sababu nilitaka kucheza.

Alfajiri ya Ijumaa nikadandia lori la mahindi kwenda mjini, kwani baada ya hapo hakukuwa na usafiri mwingine. Mwenzangu alikubali kunishikia darasa huku akinilaani.

Kipindi cha pili, bado hatujafungana, nilikwenda kuokota mpira uliotoka nje nikamkuta mkufunzi amesimama nyuma ya goli langu. Suruali yake ilikuwa na vumbi jekundu la njia ya Mpitimbi mpaka magotini. Alikuwa amekwenda kweli.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba."

Basi. Hakuniita mla panya. Nilingoja anitukane, hakunitukana, nikarudi golini nikitazama nyuma kuliko mbele. Dakika za mwisho straika wao akachomoka, nami nikatoka golini mapema kama mtu aliyefukuzwa. Mpira ukanipita, ukagonga nguzo, beki wa daluga za rangi mbili akaufagia nje. Filimbi ikalia. Wenzangu walinibeba juujuu, na mimi huko juu nilikuwa namtafuta mkufunzi kwa macho. Alikuwa ameshaondoka.

Jumamosi nikarudi Mpitimbi. Jumapili kanisani sikumwomba Mungu anisamehe. Nilimwomba yule Mhehe arudi kunitukana.

Jumatatu pikipiki ikanguruma nje ya darasa la nne. Mkufunzi aliingia akakaa dawati la nyuma, magoti yakikaribia kidevu, nami nikafundisha hesabu za sehemu huku chaki zikinivunjikia mkononi. Kengele ilipogongwa akanipa karatasi ya ukaguzi. Nilikuwa nimefaulu. Tarehe aliyoandika ni ya Jumatatu ile, na Ijumaa haikutajwa popote.

"Kufundisha unajua," alisema kwa sauti ya chini. "Ila Ijumaa sikuwa natania. Usirudie."

"Nimekosa, mwalimu. Nisamehe."

Glavu zangu nilikuwa nimezianika dirishani. Akazichukua, akazikung'uta, akazitia mfukoni mwa koti lake.

"Hizi zinakwenda kwetu Iringa," akasema, safari hii kwa sauti ya kusikika na darasa zima. "Golini unatoka mbio utadhani umeona panya."

Watoto wakaangua kicheko, nami nikacheka mpaka nikaegemea ubao. Nilizipenda sana glavu zile. Nilisimama mlangoni nikaitazama pikipiki ikiondoka nazo, na mpaka leo sijapata kufurahi vile kwa kuibiwa.