Kiti cha Seva

Juzi, katika ofisi ya wakala wa forodha hapa Tunduma, tulikaa tukisubiri seva kuukuu, kompyuta inayotoa vibali, iongezewe kumbukumbu. Mama mmoja, ambaye lori lake la nyanya lilikwama mpakani bila kibali, alikuwa amesimama tangu asubuhi, mjukuu mgongoni. Sisi vijana tuliokalia viti tulikuwa tumeinamia simu.

Fundi akaizima mashine, akatoa kadi mpya za kumbukumbu mfukoni.

"Imechoka, bosi, ila nikiipachikia hizi itakimbia. Nipeni kiti niilaze taratibu."

Tulisimama watatu kwa mpigo. Mimi changu nilikifuta vumbi kwanza kwa kiganja, kisha nikakisogeza.

Mama akatutazama mmoja mmoja. "Kumbe wanangu mnajua kupisha!"

Kuishika mashine kwa uangalifu nilifundishwa chuoni, msomaji wangu. Kumpisha mama nilifundishwa nyumbani, mapema zaidi.

Seva ilipoondolewa kitini na kuwaka, kibali cha mama kilitoka cha kwanza. Ndipo nikamsogezea kiti kilekile.

"Kaa tu, mwanangu," alisema, akikaza kanga ya mjukuu. "Mimi nimeshazoea, na sasa naondoka."