Kugeuka Nusu Mchangani

Ubao ulikuwa wa kutelezea theluji, na Durban haina theluji. Mwenye ubao alikuwa mteja wa saluni yetu ya nywele mtaani Umbilo, mzaliwa wa mtaa wa Bluff, aliyefanya kazi msimu mmoja kwenye hoteli ya milimani na kurudi na ubao huo badala ya akiba. Aliamua kwamba mteremko wa mchanga nyuma ya ufukwe wa kwao ungetosha, na kwamba angenifundisha. Nilimcheka hadi machozi. Jumapili iliyofuata nilikuwa pale juu, nimefungwa miguu ubaoni, nikimwita Mungu kwa Kifaransa.

Nilijifunza polepole na kwa ukaidi. Kwanza kusimama ubavu na kuteleza bila kuketi, kisha kuruka kidogo. Kisha kile nilichokitaka kuliko vyote: kuruka, kugeuka nusu angani, na kutua nikienda kinyumenyume. Mwalimu alikuwa akisugua tumbo la ubao kwa mshumaa ili uteleze. Siku moja mshumaa ulipoisha, mimi msusi nikaona dawa ninayo: nikaupaka mafuta ya nywele, kopo zima. Ubao uligoma pale pale, umejaa mchanga kama andazi lililoviringishwa kwenye sukari. Mwalimu alilala chini kwa kicheko.

Yaya hakucheka alipohadithiwa. Huyu ni dada yangu mkubwa, niliyeishi naye chumba kimoja Albert Park. Karatasi za kumruhusu kufanya kazi katika nchi hii ya ugeni zilikuwa bado hazijatoka, na mikono yangu ndiyo iliyotulisha wote wawili. Kila niliporudi kutoka Bluff aliikagua, kidole baada ya kidole. Jumapili ya mwisho, kabla mwalimu hajarudi milimani na ubao wake, yaya alinifuata moja kwa moja kutoka kanisani, na viatu vya kisigino, hadi mchangani.

"Weye mwalimu," alisema, "niko na swali moja. Mukono yake ikivunjika, tutakula nini?"

"Eish, dada. Anayekunja ngumi akianguka haumii sana. Wanaovunjika ni wale wanaotanguliza viganja."

"Na huyu anatangulizaka nini?"

Mwalimu alinitazama, akashusha pumzi. "Viganja," alikiri.

Nilijua yamekwisha. Nilishaanza kuinama nifungue miguu. Yaya alinitazama, na sijui aliona nini usoni mwangu, maana alivua kilemba chake cha kanisani, akakipasua vipande viwili kwa meno. Akanikunja ngumi moja, akaizungushia kitambaa na kukaza fundo, macho yangu yakiwa kwenye ngumi tu. Kisha ya pili.

"Enda," aliniambia. "Ukifungua hii mukono nitakupiga mbele ya watu."

Akaenda kusimama kando, karibu na vichaka. Nilimpenda siku ile kuliko siku zote.

Niliteleza nikitazama upande wa bandari. Nilipofika kwenye kile kinundu cha mchanga nilichochukia wiki zote, niliruka, nikapindisha kiuno, na ulimwengu ukageuka. Nilitua nikiwa wima! Nilikuwa naenda kinyumenyume, na uso wangu sasa ulitazama vichaka, alipokuwa yaya, mikono kichwani, akipiga kelele za furaha.

Ndipo nilipokiona kichwa chake, ambacho hata chumbani alikifunga kitambaa. Nywele zilikuwa zimekatikakatika, zimeshikana mafundo, hazijasukwa tangu tuingie nchi hii. Wiki nzima nilisuka vichwa vya watu nisiowajua, na cha kwetu nilikuwa sijakigusa. Niliketi kitako mchangani.

Alikuja mbio, viatu mkononi. "Umeumia?"

"Yaya, kwa nini hukuniambia nikusuke?"

"Unarudiaka nyumbani umechoka," alisema. "Nilikuwa naichunga, hii mukono yako."

Niliona haya, nikalia mbele ya mwalimu wala sikujali. Nilifungua kwa meno mafundo ya kilemba kwenye ngumi zangu, nikamketisha yaya kati ya magoti yangu, na ubao ungali miguuni. Nilianza kuzichambua nywele zake kutoka kisogoni, taratibu, kwa sababu zilikuwa zinamuuma.