Noti Kati ya Ma na Mi

Geti la nyumba yangu hapa Njiro linalia. Ukilisukuma linatoa mlio mrefu wa chuma kinachosaga chuma, na jirani wa upande wa kushoto ameshaleta malalamiko kwamba watoto wake wanashtuka usingizini. Mlinzi wetu, kijana mpole wa Terrat, alikuja asubuhi moja na kopo la grisi. Nilimfokea mpaka akalirudisha alikolitoa. Nilimwambia atakayegusa bawaba zile ajitafutie kazi kwingine. Ananiona mama mkorofi, na hajakosea sana. Ila ninyi nitawaeleza, kwa sababu mlio ule una historia, na historia yenyewe mpaka leo inanipandisha hasira.

Nilikulia Kikatiti, kando ya barabara ya Arusha kwenda Moshi, miaka ile ya ruksa, serikali ilipofungulia biashara. Maduka yaliyokuwa hayana hata sabuni yalijaa ghafla vitu vya Dubai, mitumba ikatandazwa barabarani, na kila kwaya ya Kilutheri, hata ya mtaa wenye waumini wachache, ikashikwa na homa ya kurekodi kanda. Baba yangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na pia mwalimu wa kwaya ya usharika wetu. Homa hiyo ilimpata vibaya kuliko wote.

Sisi hatukujifunza kuimba kwa ile mistari mitano yenye vichwa vyeusi. Tulitumia sol-fa: do, re, mi, fa, so, la, ti, zimeandikwa kwa chaki ubaoni na Baba akizionyesha kwa fimbo. Mi ikishushwa nusu inaitwa ma, na ti ikishushwa inaitwa ta. Kati ya ma na mi, kwa mujibu wa vitabu vyote alivyokuwa navyo, hapakuwa na kitu.

Mama alikuwa na kitu hapo. Jioni akikoroga loshoro, mwiko ukigonga sufuria na harufu ya mahindi na maziwa mgando ikichanganyika na moshi, aliimba wimbo wa Kimeru ambao bibi yetu alikuwa akiuimba shambani akipalilia. Katikati ya wimbo sauti yake ilipanda, ikapita ma, na kabla ya kufika mi ikatulia. Haikuteleza wala kutafuta pa kushika. Ilikaa pale kama mtu aliyefika kwake, na mimi niliyekuwa kwenye kigoda nikimenya ndizi nilihisi nywele zikinisimama.

Baba naye alisikia. Alisimama mlangoni, ameshika kile chuma chake cha meno mawili cha kutafutia sauti, akasema, "Rudia."

Mama akarudia, akicheka. Baba akagonga chuma kwenye mwimo wa mlango, akakiweka sikioni, akasema hapana, safari hii ameshuka. Akarudia tena. Sasa amepanda. Loshoro iliungua jioni ile, tukaila hivyo hivyo.

Hazikupita wiki nyingi Baba akaipa sauti ile jina. Alisema ukitamka ma mdomo unafunguka, ukitamka mi unajibana, na ukitamka me uko katikati. Basi sauti ya katikati iitwe me. Kwa hesabu hiyo hiyo akaweka te kati ya ta na ti. Nakubali kwa shingo upande kwamba lilikuwa wazo zuri, na kama angeishia hapo ningemsifu. Lakini akagundua kwamba Mama akipanda anaimba me iliyo juu kidogo, na akishuka anaimba iliyo chini kidogo, ikabidi ziwe me mbili. Zote mbili akataka ziimbwe na watu wote kana kwamba zimepimwa kwa rula.

Tulioanza kufundishwa ni watoto wake. Kila jioni mimi na wadogo zangu tulipangwa ukutani: do, ma, me, mi. Me ikipanda ikawa mi, ulichapwa kwa fimbo ya mti wa kahawa. Ikishuka ikawa ma, fimbo ile ile. Watoto wa jirani walitusikia, na tukienda shule walitufuata nyuma wakilia "mee, mee" mpaka mlangoni mwa darasa. Nilimchukia Baba, nasema kama ilivyokuwa. Nilikuwa naketi darasani nikimwomba Mungu chuma kile kitumbukie chooni.

Mama naye aliitwa kila jioni aimbe wimbo wake ili sisi tupimwe nao, na yeye pia akakosolewa. Akakosolewa wimbo wa mama yake mzazi, jikoni kwake, mbele ya watoto wake. Siku moja aliweka mwiko chini akasema, "Baba Upendo, ukimchunguza sana bata huwezi kumla." Baba akamjibu kwamba bata hawahusiki na muziki.

Baada ya hapo jiko likawa kimya. Mama alikoroga bila kuimba, akaosha vyombo bila kuimba. Baba alipomuuliza mbona haimbi siku hizi, alijibu kwa adabu kabisa, "Naogopa kukosea, Mwalimu." Miaka yote alikuwa akimwita Baba Upendo, kwa jina langu mimi kifungua mimba. Tangu siku ile akawa anamwita Mwalimu, kama wazazi wengine waliokuja kuulizia maendeleo ya watoto wao. Baba hakushtuka. Nadhani alidhani ni heshima.

Adui aliyemshughulisha alikuwa mwingine. Bwana Elinami, mtu wa Machame mwenye duka la vipuri pale senta, aliinunulia kwaya kinanda cha umeme, kikaendeshwa kwa betri ya lori, na mpwa wake akawa ndiye mpigaji. Kinanda kilikuwa na ma na kilikuwa na mi. Me hakikuwa nayo. Baba alikuwa ameuingiza wimbo ule wa bibi kwenye kwaya, na huko Mama bado ndiye aliyeuanzisha; kinanda kikimfuata, vilikwaruzana mpaka wazee wakakunja nyuso. Baba akaamuru kwamba kwa wimbo ule kinanda kizimwe. Bwana Elinami akasema hakuagiza kitu kutoka Dubai kije kufunikwa shuka kama maiti. Waligombana mbele ya mchungaji bila aibu, na wazee wa kanisa wakakata shauri: mashindano ya kwaya yanakuja Arusha mjini, Baba aimbishe wimbo wake anavyotaka, na waamuzi wakisema kuna makosa, kwaya apewe mpwa wa Bwana Elinami.

Hivyo kwaya ya Baba, kazi ya ujana wake wote, ikawa inaning'inia kwenye koo la Mama, kwa kuwa hakuna mtu mwingine aliyeweza kuishika noti ile. Sisi watoto tuliipata kwa kubahatisha tu. Baba akaanza kumwekea Mama asali kwenye chai. Mama akainywa yote, akasema, "Asante, Mwalimu."

Siku ya mashindano kanisa lilijaa mpaka madirishani. Baba alisimama mbele na suti yake ya mtumba, akawaeleza waamuzi na umati wote kwamba watasikia sauti isiyokuwemo kwenye kinanda. Kwamba si kosa, ina jina lake, inaitwa me. Watu wakaguna. Mmoja huko nyuma akalia kama mbuzi, kanisani humo humo. Nilikuwa nimekaa benchi la watoto, na kwa mara ya kwanza maishani nilimwona Baba anaogopa. Akainua mkono. Mama akaanzisha.

Aliimba mi.

Mi safi, iliyonyooka, isiyo na kasoro. Nilidhani kaponyokwa, lakini wimbo uliporudi pale pale akaimba mi tena, na mara ya tatu, mi. Mpwa wa Bwana Elinami alinyoosha kidole taratibu akakiwasha kinanda na kubonyeza, vikalingana kama mapacha. Kwaya yote ikamfuata Mama. Uliimbwa vizuri, niwe mkweli, na ulikuwa umekufa. Mkono wa Baba uliendelea kupunga bila kumwongoza mtu yeyote.

Tulipata nafasi ya kwanza. Mwamuzi mkuu alisema kwa bashasha kwamba walisubiri sana ile me ya mwalimu, hawakuisikia, na wanamshukuru Mungu kwa hilo. Kanisa likaangua kicheko. Zawadi ilikuwa beberu, na njia nzima mpaka Kikatiti, ndani ya lori, beberu yule alilia mee, na hakuna aliyethubutu kumtazama Baba. Aliyeanza kucheka alikuwa Mama.

Nyumbani Baba alikaa kwenye kigoda jikoni, mahali pangu, akauliza neno moja tu: kwa nini.

"Kila siku ulisema nakosea," Mama akamjibu huku akipuliza moto. "Leo nimepatia."

Kwaya haikuchukuliwa, maana tulishinda. Aliiacha mwenyewe mwezi ule ule. Waliendelea kuishi pamoja, wakauguzana, wakasomesha watoto, na Mama hakuwahi kumwita tena Baba Upendo. Hata siku ya kumzika, alipotupa udongo wake kaburini, alisema, "Haya, Mwalimu."

Kwa miaka mingi nilimshangilia Mama moyoni. Nilikuwa nimeshakuwa mtu mzima nilipoliona lililonipita. Kanisa zima lingeisikia sauti ile lingeiita kosa, au kilio cha mbuzi. Mtu mmoja tu aliisikia kama sauti yenye haki ya kuitwa jina, na mtu huyo huyo akaichapa mpaka ikamkimbia. Hasira yangu kwake haijapungua. Ila sasa imechanganyika na huruma, na jambo hilo linaniudhi zaidi.

Mama amezeeka, anaishi nami hapa Njiro. Mwaka jana nilirudi nyumbani mapema, nikamsikia jikoni akiosha vyombo, anaimba, na sauti ikapanda ikatulia pale pale, kati ya ma na mi. Nikasogea mlangoni, nikatoa simu nirekodi. Neno likanitoka kabla sijalizuia: "Mama, rudia."

Akageuka. Akanitazama nilivyosimama pale mlangoni, akafuta mikono yake kwa khanga.

"Nimeusahau, Mwalimu," akasema.

Tangu hapo haimbi nikiwa ndani. Kwa hiyo asubuhi namuaga, nabeba mkoba, nasukuma geti mpaka lilie vya kutosha, kisha nalifunga na kubaki nje juani, nimeegemea ukuta wa nyumba yangu mwenyewe. Mlinzi ananitazama. Mama akisikia geti anajua nimeshaondoka, ndipo anapoanza.