Mapacha na Mtoto wa Tatu

Mwenye nyumba wangu wa Kabalagala alikuwa mwanajeshi mstaafu, na Kiswahili chake kilikuwa cha kambini: amri nyingi, ngeli hakuna. Alitaka kila mtu amwite Ssalongo, cheo anachopewa baba wa mapacha. Ungedhani mapacha wale aliwachonga kwa mikono yake. Walikuwa wasichana wawili wenye paji lake pana na masikio yake yaliyosimama, masikini, na mgeni hakupewa kiti kabla ya kuwasifu.

Kisha mkewe, mshonaji kutoka Bukavu, akajifungua binti mwingine. Huyu alikuwa mweupe kidogo, masikio madogo, hafanani na yeyote pale nyumbani. Mtoto alipofikisha mwaka mmoja, mzee akaacha kumbeba. Siku moja alinikuta barazani nikisahihisha madaftari ya wanafunzi wangu wa biolojia, akaanza kubweka mbele ya mkewe.

"Madamu, wewe nasomesha hii kitu. Damu yangu iko na nguvu. Ilitoa mbili sawasawa. Hii ya tatu ilitoka wapi?"

Mkewe, kwenye cherehani yake hapo hapo barazani, aliendelea kushona.

Nilijua kwamba nafundisha ukuta, lakini nilichukua karatasi nikamchorea. Nikamwambia seli za mwili zinapogawanyika, kama ngozi inapoziba kidonda, seli moja hunakili kromosomu zake zote arobaini na sita na kuwa seli mbili zinazofanana kabisa. Hiyo ni mitosisi. Mbegu na mayai hutengenezwa kwa njia nyingine, meiosisi. Kromosomu hubadilishana vipande, seli hugawanyika mara mbili, na kila mbegu huondoka na nusu tu, ishirini na tatu, zilizochanganywa upya.

"Mapacha wako ni yai moja na mbegu moja," nilisema. "Lilipoanza kukua kwa mitosisi, likakatika vipande viwili. Ndiyo maana wanafanana. Huyu mdogo ni yai lingine na mbegu nyingine. Si lazima afanane na dada zake."

Alicheka mpaka akakohoa. "Mwanamke natetea mwanamke."

Wiki iliyofuata alimchukua mtoto wakapimwe vinasaba hospitalini, yeye na binti wa mwaka mmoja anayelia, bila mama yake. Alitembea kifua mbele kama anayempeleka mwizi polisi.

Majibu yalipotoka, mtoto alikuwa wake. Mtu mwenye haya angejifungia chumbani. Yeye alichinja mbuzi. Alipita mlango kwa mlango na karatasi ya majibu, akisema alijua tangu mwanzo, alitaka tu kuwanyamazisha wambea. Mmbea alikuwa mmoja tu mtaani, na ndiye aliyekuwa ameshika karatasi. Majirani walikula nyama, wakampongeza. Nami nilikula, nikifurahi kwamba nilikuwa sahihi, na hilo linaniudhi mpaka leo.

Mkewe hakuonja. Kesho yake alipakia cherehani na watoto wote watatu kwenye gari la mizigo, akapanga chumba Katwe, nyuma ya mafundi wa vyuma.

Siku chache baadaye mzee akanijia, sauti imepungua. "Madamu, enda umwambie. Sayansi imesema mtoto ni yangu."

Nilikwenda, kwa ajili ya mkewe. Nilimkuta anapima kitambaa, mapacha wakimlisha mdogo wao uji. Nikamfikishia ujumbe.

"Sayansi imemjibu yeye," alisema. "Mimi nani aliniuliza kitu? Miaka saba nimelala naye kitanda kimoja, akaamini karatasi."

Akakata kitambaa, akaniuliza kama nimekula.

Niliporudi, mzee alikuwa amesimama getini ananingoja. Nikamwambia jibu lipo Katwe, aende alichukue mwenyewe, na aende bila karatasi. Akauliza majirani watasemaje wakimwona anamwomba mwanamke msamaha.

Hajaenda. Jioni hukaa peke yake barazani na bado anataka aitwe Ssalongo. Mimi humwita mzee tu.