Sanduku la Soda Penye Kizuizi

Juma lililopita, penye kizuizi cha barabara Garissa, nilimwona askari akimwaga maziwa ya ngamia mchangani. Alikuwa akitafuta risasi ndani ya kibuyu cha mama mmoja muuza maziwa. Tangu vita hivi vya mpakani vianze, kila chombo kinashukiwa. Risasi haikuonekana.

"Kwenu wapi?" akamwuliza.

"Hapa hapa."

Askari akacheka. "Kwenu Somalia. Hapa nyinyi ni wageni tu."

 Mama alifunika kibuyu kitupu, akaenda kuketi kivulini mbele ya kantini, kando ya sanduku jipya la chuma: unatia thumuni, unavuta mlango, unatoa soda baridi bila kuona muuzaji.

Jua lilikuwa kali. Baadaye askari naye akaja, akatia thumuni yake. Sanduku likaimeza, likanyamaza. Akalipiga ngumi, halafu teke, kisha akasimama akilamba midomo iliyopasuka.

Mama akafungua fundo la mtandio, akatoa thumuni, akaitia. Mlango ukafunguka. Akaizibua chupa, akampa askari kwa mkono wa kulia.

"Na wewe je, mama?"

"Pole, mwanangu. Kunywa. Kwetu mgeni anakunywa kwanza."

Mafundi wa ng'ambo wametuletea sanduku linalouza soda bila kumwuliza mtu kwao ni wapi, nami nawapongeza. Lakini nilipoondoka, askari alikuwa bado hajanywa. Chupa ilikuwa ikitoka jasho mkononi mwake, naye akipatazama pale mchangani palipolowa maziwa.